Wimbo wa Njia ya Bunagana

Jiwe la kwanza lilipita juu ya kichwa changu likavunja gita lililokuwa limetundikwa ukutani. La pili lilikuja na mwenyewe. Mtu aliingia nalo mkononi, jiwe jeusi la volkano lenye ukubwa wa mkate, akanikuta nimeinama kwenye benchi, mkono wa kushoto umelishika gurudumu nililokuwa nalipiga randa, la chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukumia mizigo. Hakuniuliza kitu. Alilishusha lile jiwe juu ya mkono, akalinyanyua, akalishusha tena, na safari hii nilisikia mifupa ikipasuka, sauti ndogo tu, kama mtu anayevunja vijiti vya kuwashia moto.

Nilishangaa kabla sijaumia. Nilitazama vidole vyangu vinavyoelekea kusikoelekea vidole, nikawaza kwamba gurudumu litachafuka. Kisha maumivu yalifika yote kwa pamoja, nikapiga ukelele ambao hadi leo naona haya kuukumbuka.

“Njo huyu!” yule mtu akawaambia walioko nje. “Njo mwenye kuimba! Mumutoshe!”

Walinitoa. Ilikuwa mchana, jua kali, na mtaa wetu wote wa Ndosho, hapa Goma, ulionekana kuhamia mbele ya karakana yangu: vijana wa pikipiki, wachuuzi wenye mabeseni, watoto wa shule na sare zao. Wengi niliwajua. Wengine niliwatengenezea chukudu hizohizo walizokuwa wamezisimamisha pembeni ili waje kuniua vizuri. Kijana mmoja, ambaye chombo chake nilikuwa nimekimaliza jana yake, aliingia ndani akakitoa taratibu wakati wenzake wananipiga mateke ya mbavu. Nikawaza, kwa akili ile ya ajabu ya mtu anayepigwa, kwamba angalau hicho kimemfikia mwenyewe.

Rafiki yangu Cédrick alikuwa tayari amelala barabarani. Walimkamata kwanza yeye, huko mtaa wa Mapendo, kwa sababu yeye ndiye aliyerekodi wimbo, wakampiga mpaka akawaleta kwangu. Sikumlaumu wakati ule na simlaumu sasa. Uso wake ulikuwa umevimba kiasi kwamba nilimtambua kwa shati. Jicho la kulia lilikuwa limekwisha, na halikurudi.

“Mimi sijaua mutu!” nililia. “Ni wimbo! Ni wimbo tu!”

“Wimbo?” Yule wa jiwe aliniinamia. Alikuwa mtu mzima, mpana, mwenye ndevu za mvi, na alikuwa akilia. Jambo hilo lilinitisha kuliko jiwe. “Ulisema mwenyewe, na kinywa yako. ‘Nilimupiga, akaanguka.’ Nani alikulazimisha?”

Jina lake lilikuwa Habumugisha. Alikuwa mfanyabiashara wa maharagwe aliyekimbia vita Rutshuru na jamaa zake, na mtu aliyekuwa akimlilia alikuwa mpwa wake, Munezero, aliyetoka kwenda Bunagana na pikipiki asirudi. Walimwokota njiani baada ya mvua. Pikipiki haikuwapo. Mguuni alikuwa na kiatu kimoja.

Na kwenye wimbo wangu kulikuwa na kiatu kimoja.

Ili mtu aelewe, lazima ajue jinsi kilio kinavyokaa kwa watu wetu. Mtu akifia mbali, njiani ama porini, jamaa hukaa uani wakimngojea yule aliyekuwa naye. Akifika, hupewa kiti katikati, na husema: mimi nilikuwa nyuma yake. Mimi nilimfunika. Mimi nilisikia neno lake la mwisho. Hakuna anayethubutu kukalia kiti hicho kwa jambo ambalo hakuliona. Wako wanawake waimbaji ambao huchukua maneno ya shahidi wakayatia sauti, lakini hata wao husema yeye, yule, marehemu. Kusema mimi ni kazi ya aliyekuwapo.

Ila mimi nilifundishwa kuimba na watu wengine kabisa.

Baba yangu, mzee Sebahire, alikuwa mlinzi kwenye nyumba ya daktari mmoja mgeni, kule chini kando ya ziwa. Daktari huyo alikuwa na ugonjwa wa bluzi, ule muziki wa huzuni wa Wamarekani weusi. Kila Jumapili alifungua madirisha yote akacheza sahani zake za zamani za santuri, na zilizoanza kukwaruzika alizirekodi kwenye kaseti. Mwaka ule lava iliposhuka ikala nusu ya mji, daktari aliondoka na begi moja, na baba akarudi nyumbani amebeba gunia. Mama alidhani ni unga. Alipofungua akakuta kaseti, hakumsemesha baba mpaka tuliporudi kutoka Gisenyi, ng’ambo ya mpaka, tulikokuwa tumekimbilia.

Joto lilikuwa limekunja majalada na kufuta maandishi, kwa hiyo sikujua hata jina moja la wale waimbaji. Niliwabatiza mwenyewe. Kulikuwa na Mkohozi, ambaye alikohoa kila mara kabla ya ubeti wa mwisho. Kulikuwa na Mama wa Mvua, mwanamke mwenye sauti nzito, aliyeimba huku nyuma yake kuna mchakacho wa sahani uliofanana na mvua juu ya mabati. Kulikuwa na Mzee wa Reli. Walikuwa wamekufa wote kabla baba yangu hajazaliwa, huko Amerika, na walikaa chumbani mwetu kama wapangaji. Nilijichongea gita kwa mabaki ya mbao za chukudu, nikalifunga nyuzi za kebo ya breki niliyoichambua, nikawaiga mpaka vidole vikatoka damu. Sikujua wanasema nini. Nilijua tu kwamba wana hasira na hawapigi kelele, na hilo nilikuwa sijawahi kuliona Goma.

Nilipokuwa kijana nilimpelekea redio-kaseti mwalimu wa Kiingereza, Monsieur Adalbert, mtu wa Butembo aliyekuwa na subira ya punda. Nilimchezea Mkohozi. Alisikiliza huku amekunja paji la uso.

“Anasema aliua mutu,” akasema. “Alimuua juu ya daraja, na sasa maji inamuita jina yake kila siku.”

“Na walimurekodi? Hawakumufunga?”

Adalbert alicheka mpaka akavua miwani. “Benny, si ye! Anasema ‘mimi’ juu ya mutu mwingine. Anamuvaa, vile unavaa koti. Wimbo ikiisha, anavua.”

Nilirudi nyumbani nimejaa wivu. Sisi huku tulikuwa na wauaji wa kutosha mabara mawili, na hakuna hata mmoja aliyewahi kukaa kwenye kiti akasema mimi. Wote walikuwa wale, wasiojulikana, watu wenye silaha. Nilitaka kumsikia mmoja akisema. Na kwa kuwa hakuna aliyekuja, miaka mingi baadaye, nilivaa koti mimi mwenyewe.

Niliimba hivi, na gita langu la mbao likijibu kila mstari:

*Nilimukuta kwa kona ya mikaratusi, mvua ya Bunagana inanyesha,*
*nilimupiga, akaanguka, kiatu moja ikabaki njiani.*
*Aliita mama, aliita mama yake,*
*mimi nikapanda pikipiki, sikugeuka.*

Cédrick alirekodi kwenye chumba chake chenye magodoro ukutani. Alipomaliza aliniambia nikirudi kwake niwe nimekunywa kitu, maana nimemtisha. Tulicheka. Wimbo ulitoka kwenye simu moja ukaingia nyingine, ukaingia kwenye vile vispika vidogo vya vijana wa pikipiki, na ndani ya majuma machache nilikuwa nausikia ukipita barabarani bila mimi. Nilifurahi. Kwa nini nisifurahi? Ulikuwa wimbo mzuri, na ni mzuri hadi leo.

Kwamba ulilingana na kifo cha Munezero ni jambo ambalo walionipiga hawakuweza kulisamehe, na sina la kuwajibu zaidi ya hili: ningetaja koti lolote, angepatikana mama wa koti hilo. Ningetaja kofia, baiskeli, gunia la vitunguu, wangepatikana wenye vyote. Njia ile imekula watu wengi kiasi kwamba huwezi kutunga maiti ambaye hajalala hapo. Sikufanya kosa, na sitasema nilifanya.

Lakini mwaka ule haukuwa mwaka wa kueleza mambo. Vita vilikuwa vimeingia mjini na kupita katikati yetu, wakubwa wa jana walikuwa hawapo, gereza lilibaki wazi, polisi tuliowazoea walitoweka na sare zao zikatupwa mitaroni. Kila mtaa ulijihukumia. Mwizi wa simu alichomwa, na aliyefanana na mwizi wa simu alichomwa. Tulizoea ile harufu tukafunga madirisha, na mimi nilifunga langu kama wengine.

Sasa walikuwa wanavingirisha tairi kuelekea kwangu.

Walinikalisha chini, wakanivalisha shingoni, mikono ndani. Ule mkono uliovunjika ulibanwa na mpira nikaona giza. Mtu alinimwagia petroli kichwani kwa kopo la maziwa, bila haraka, akihakikisha nywele zimelowa. Ikaniingia machoni, mdomoni, kwenye jeraha. Nilitapika. Cédrick alijaribu kutambaa kuja upande wangu, na kijana mmoja akamkanyaga mgongoni akamwacha hapo chini ya kiatu.

“Washa!” watu walikuwa wanapiga kelele. “Washa tuende!”

“Bado,” alisema Habumugisha. “Mama mzazi bado hayafika.”

Hata wazimu una utaratibu wake. Majira yale, aliyefiwa ndiye aliyewasha. Bila yeye ni mauaji. Akiwapo, watu waliita haki, wakaenda kula. Kwa hiyo tulingoja. Jua lilikuwa linaichemsha petroli mgongoni mwangu na mvuke wake ulinilewesha. Kila nilipofungua kinywa kusema nilitunga, nilipigwa kinywani. Baada ya meno mawili nikaacha kusema. Nililia tu, wazi, kama mtoto, na nilimwita Mungu, na nilimwita baba yangu aliyekufa. Sikuwa shujaa hata kidogo.

Umati ukafunguka. Nilitazamia mwanamke mzee. Aliyekuja hakuwa na zaidi ya miaka michache kunishinda mimi, mwembamba, kitenge cha kilio kimefungwa vibaya, miguu peku. Aliitwa Olive. Habumugisha, kaka yake, alimpa kiberiti mkononi akamwelekeza kwangu, na watu wakarudi nyuma kidogo ili moto usiwafikie.

Hakuwasha. Alikuja akachuchumaa mbele yangu, karibu mno, petroli ikimlowesha kitenge. Macho yake yalikuwa makavu. Alinitazama kama mtu anayetafuta nyumba ambayo ameelekezwa tu.

“Sikuulize kama ulimuua,” akasema, chini chini. “Ile watakuuliza mbele ya Mungu. Mimi nakuuliza kitu moja. Kwa wimbo, unasema aliita mama yake. Ni kweli aliita?”

Nitasema nilichowaza, na anayetaka kunicheka anicheke. Niliwaza kwamba nimekwisha kufa. Nilikuwa nimekana mchana kutwa na kukana hakukunisaidia kitu. Nikikana tena, nitaungua, na huyu mwanamke atarudi nyumbani bila chochote. Nikikubali, nitaungua vilevile, lakini yeye atakuwa na neno la kubeba. Na chini ya mawazo hayo kulikuwa na kingine, ambacho si cha wema wowote: sikio langu la kazi. Nilisikia swali linasubiri mstari, na nilikuwa na mstari.

“Aliita,” nikasema.

Umati ukaunguruma. Habumugisha akainua mikono juu: “Mumesikia! Amekubali!”

Olive hakugeuka. “Mama gani?” akaniuliza.

Sikuelewa swali. Mtu ana mama wangapi? Nilidhani anataka zaidi, kwa hiyo nikampa zaidi, kupitia midomo iliyopasuka, kwa sauti isiyokuwa sauti.

“Weye. Mama mwenye alimuzaa. Hakulia. Aliita polepole, vile unaita mutu mwenye iko chumba ya pili. Alisema: mama, mwenye ulinizaa, usinitafute tena kwa njia. Nimefika.”

Yalikuja yenyewe. Hata sikujua yanakotoka. Nilipomaliza nilifumba macho nikangoja kusikia njiti ya kiberiti.

Nilimsikia anasimama.

“Si ye,” akasema.

“Unasema nini?” Habumugisha alimjia mbio. “Olive! Amekubali mbele ya batu bote!”

“Si ye, kaka yangu. Hakukuwako.” Sauti yake haikupanda. “Weye unajua. Nilimuzaa niko mutoto ya shule, mama yetu akamuchukua, akamulea. Mama njo alikuwa mama yake. Mimi alikuwa ananiita Olive, tangu anajua kusema mpaka ile asubuhi alipanda pikipiki. Aliniambia, ‘Olive, nitarudia kesho kutwa.’ Siku gani ulisikia Munezero ananiita mama? Sema moja.”

Habumugisha alifungua kinywa. Jiwe lilikuwa bado mkononi mwake, na nadhani alikuwa amelisahau, maana alilitazama kama kitu alichookota sasa hivi.

“Mwenye aliona kifo yake angejua,” Olive akasema. “Huyu anabahatisha. Mumutoshe ile tairi.”

Hakuna aliyesogea. Watu walikuwa wametoka majumbani kwa jambo fulani na hawakutaka kurudi bila jambo hilo. Mtu nyuma alisema mwanamke amechanganyikiwa na huzuni, anyang’anywe kiberiti. Kijana aliyemkanyaga Cédrick alikuja hatua kadhaa. Olive alifungua kiberiti, akamwaga njiti zote kwenye dimbwi la petroli miguuni pake mwenyewe, akazikanyaga kwa nyayo zake tupu mpaka zikawa uji. Kisha akamtazama yule kijana.

“Kuja,” akamwambia. “Kama uko na kilio kupita mimi, kuja uwashe.”

Hakuja. Waliondoka vibaya, bila kuombana radhi, wakitukana. Mmoja alinipiga teke la shingo alipokuwa akipita, na wengine waliingia karakana wakavunja kila kilichokuwa bado kizima: benchi, magurudumu, ile redio-kaseti, na gunia lote la baba, utepe ukavutwa barabarani ukafunga miguu ya mbuzi. Mkohozi, Mama wa Mvua, Mzee wa Reli, wote wakafa mara ya pili siku hiyo. Niliwalilia baadaye, hospitalini, na wauguzi wakadhani nalilia mkono. Vidole viwili vya mkono huo havikunjiki tena. Cédrick ananiambia nishukuru, na yeye ana haki ya kuniambia.

Lakini hayo yalikuwa mbele. Pale barabarani alikuwa amebaki Olive, na kaka yake amekaa kwenye jiwe lake mbali kidogo, kichwa mikononi, akilia kwa sauti. Olive alinivua tairi peke yake, akilivuta kidogo kidogo ili lisiuguse mkono. Alichukua upindo wa kitenge akanifuta macho, kwanza moja, halafu la pili, kwa uangalifu, kana kwamba hakuwa ameletwa kunichoma.

“Asante, mama,” nikasema.

Aliketi chini karibu yangu, kwenye vumbi jeusi lililolowa.

“Rudilia,” akasema.

Nilidhani sikusikia vizuri. Nilimwambia ukweli, maana sasa ukweli ulikuwa wa bure: kwamba nilitunga, kwamba sikumjua mwanawe, kwamba hakuna aliyeniambia neno lolote.

“Najua ulitunga. Nilishasema mbele ya batu.” Alifumba macho, akaegemeza kisogo chake kwenye mabati ya karakana. “Ile ya ‘mwenye ulinizaa’. Rudilia. Polepole.”

Nikarudia.